Dogo anadundwa shuleni, nyumbani mnasubiri barua ya michango!

Leo tuache kidogo habari za mapenzi na viwanja vya kujirusha, tuingie shuleni. Najua kuna watakaokunja sura na kusema mambo ya shule waliyaacha siku walipochana madaftari. Subirini kwanza. Wengi wenu mnaosoma ukurasa huu mna madogo nyumbani. Wengine mmeshaanza kuitwa baba nani na mama nani. Na wengine ndio mnaotumwa kwenda kwenye vikao vya shule, maana dingi yuko safarini na maza yuko sokoni tangu alfajiri. Kwa hiyo habari hii ni yenu, mtake msitake.

Nazungumzia uonevu. Siyo fimbo za ticha, ingawa hizo nazo tutazigusa mbele ya safari. Nazungumzia denti kumwonea denti mwenzake. Mtoto ananyang'anywa hela ya kula kila asubuhi na mbabe yule yule. Anabandikwa jina la dhihaka kwa sababu ya ngozi yake, kigugumizi chake au kiatu chake kilichotoboka, na darasa zima linacheka. Anafungiwa chooni. Anasubiriwa njiani. Binti anapigwa picha akibadili nguo bwenini, jioni picha iko kwenye simu za watu. Kesho yake mambo ni yale yale, na keshokutwa tena. Hapo ndipo uonevu unapoachana na ugomvi wa kawaida wa watoto, ambao kengele ikigongwa wameshasahau na wanagawana mhogo.

Mwaka 2019 UNESCO walitoa ripoti iliyokusanya takwimu za nchi nyingi duniani. Ilionyesha kwamba karibu mwanafunzi mmoja katika kila watatu alionewa na wenzake walau mara moja ndani ya mwezi mmoja. Mmoja kwa watatu! Sasa chukua darasa lenye watoto 90, ambalo kwa shule zetu za mjini si ajabu, upige hesabu mwenyewe.

Ukimweleza mzee wa nyumba habari hizi, jibu analo mfukoni: "Hata sisi tulionewa, mbona tumekua?" Haya bwana. Lakini wanaojibu hivyo ni wale waliofika mwisho. Waliotoroka shule wakaishia kuosha magari hawapo hapo sebuleni kubishana naye.

NJUKA NA KUKU WA MAMA

Shule niliyosoma ilikuwa ya bweni, jina lake naliweka kapuni. Ukiingia kidato cha kwanza unaitwa njuka, na njuka hana mwenyewe. Anabeba maji ya kuoga ya kaka zake, anafua soksi zao, sukari yake na siagi yake ni mali ya umma. Tranka likivunjwa kufuli usiulize.

Kitanda cha jirani yangu alilala jamaa mmoja mpole kutoka mkoani, akili zake kwenye hesabu zilikuwa za kutisha. Madenti watatu wa kidato cha tatu walimfanya mradi wao. Siku moja ya wazazi kutembelea, mama yake alikuja na basi la usiku, kabeba kuku wa kukaanga kwenye hotipoti, kaufunga kwa kanga mpya. Wale watatu wakaja haraka, wakakaa kitandani, "Shikamoo mama, habari za safari mama, huyu ni mdogo wetu hapa, usiwe na wasiwasi." Mama wa watu akafurahi kweli kweli. Akamwambia mwanawe, "Mwanangu, Mungu amekupa kaka wazuri, washike sana." Akagawa kuku kwa mkono wake mwenyewe. Basi la jioni lilipoondoka, kilichobaki kwa mwenye mama ni shingo.

Muhula wa pili jamaa hakurudi. Nyumbani waliandika utoro, wakasema mtoto kashindwa maisha ya bweni. Na yule mama shuleni alifika mara tatu mwaka ule, kwa mhasibu alijulikana hadi kwa jina. Hakuna mtu hata mmoja aliyemwambia neno, wala yeye hakujua kuna la kuuliza.

Nimekieleza kisa hiki kwa sababu ndicho kinachoonyesha mahali ubabe unapokaa. Unakaa katikati, kati ya nyumbani na shule. Mtoto hasemi nyumbani kwa kuogopa maza atakuja kuwasha moto. Hasemi shuleni kwa kuogopa kuitwa msaliti. Ticha anaona dalili, anafikiri ni matatizo ya nyumbani. Mzazi anaona dalili, anafikiri ni uvivu wa shule. Kila upande unashika nusu ya habari, na mbabe anajua kabisa kwamba hizo nusu mbili hazikutani.

Ndiyo maana nasema dawa ya kwanza ni kuzikutanisha. Tatizo ni kwamba mzazi wa Kibongo na shule wana mazungumzo ya aina moja tu: hela. Mwaka 2016 serikali ilipoanza elimu bila ada mpaka kidato cha nne, wapo wazazi walioona basi, shule si ya kwao tena, ni ya serikali. Kikao kikiitwa wanauliza, "Kuna michango?" Wakisikia hakuna, hawaendi. Wakisikia ipo, hawaendi pia!

MASWALI YA SAA MOJA JIONI

Kabla hujafika shuleni, anza na dogo mwenyewe. Mtoto anayeonewa haji na bango. Anakuja na shati lisilo na vifungo, kalamu ya tatu wiki hii imepotea, nauli ameomba mara mbili. Jumapili jioni tumbo linauma, Ijumaa jioni limepona. Mwingine anarudi nyumbani anakimbilia chooni kabla hata ya kusalimia. Hilo la choo lishike vizuri. Watoto wengi wanaoonewa hawaingii vyoo vya shule kutwa nzima, maana huko hakuna ticha, na wababe ndiko wanakoweka ofisi.

Sasa ukiona hayo, usimkalishe dogo kwenye kochi kama polisi: "Nani kakupiga? Sema! Na wewe kwa nini hukurudisha?" Hapo umemfunga mdomo. Muulize mambo madogo madogo wakati mnaosha vyombo au mnapanga foleni ya maji. Leo mapumziko ulikaa na nani? Mnapita njia gani kurudi? Kwenye daladala unasimama na akina nani? Choo chenu kiko upande gani? Ukisikia kwamba siku tano mfululizo mapumziko alikaa peke yake karibu na ofisi ya walimu, umeshapata jibu. Mtoto wa miaka kumi hakai karibu na ofisi ya walimu kwa mapenzi.

Akifunguka, msikilize mpaka mwisho. Usimwahidi kwamba hutamwambia mtu, kwa sababu utamwambia, na akigundua umevunja ahadi hatakueleza tena. Mwambie, "Nitakwenda shule, lakini tutapanga wote nitasema nini." Kisha andika. Ndiyo, chukua kalamu uandike siku, saa, mahali, nani alikuwepo. "Wanamwonea mwanangu" ni malalamiko, ticha atasema pole. "Jumanne saa nne, nyuma ya choo cha wavulana, wawili wa darasa la sita, wamechukua mia tano, na Alhamisi tena" ni habari ambayo mtu hawezi kuikwepa.

USIENDE NA KANGA KIUNONI

Mtaani kwetu kuna shangazi mmoja alisikia mtoto wa kaka yake kapigwa. Hakuuliza la pili. Kanga kiunoni, ndala mkononi, mpaka getini mwa shule saa ya kutoka. "Yuko wapi huyo anayejiita mbabe?" Akaonyeshwa kitoto, akakizaba makofi mawili mbele ya umati. Bahati mbaya hakikuwa chenyewe! Kesi ikaenda kwa mjumbe, mzazi wa yule mtoto akataka polisi, shangazi akalipa. Na mpwa wake naye hakupona. Tangu siku ile anaitwa "mwite shangazi." Akipita tu, darasa zima linaimba.

Na nyie makaka, najua mnavyowaza. Unakusanya washikaji wanne, mnamsubiri mbabe kwenye kona, mnampa fundisho. Mzee, acha. Kwanza wewe ni mtu mzima, huyo ni mtoto mbele ya sheria, utalala ndani. Pili umemfundisha dogo kwamba mwenye genge kubwa ndiye mwenye haki, jambo ambalo mbabe ndilo analoliamini. Tatu yule naye ana kaka.

Njia nyingine ndefu kidogo, lakini ndiyo inayofika. Nenda asubuhi ya siku ambayo huna haraka, uonane na mwalimu wa darasa. Usianze na mkuu wa shule. Ukimrukia mwalimu wa darasa, umemfanya adui kabla hajakusikia, na huyo ndiye anayekaa na mwanao. Msalimie, mweleze ulichoandika, kisha umuulize swali moja la unyenyekevu: "Mwalimu, wewe unaonaje? Umeona nini?" Utashangaa. Mara nyingi ticha ana kipande chake cha habari ambacho hakuwa na mtu wa kumpa. Mwulize pia kuhusu mwalimu wa ushauri na malezi kama yupo. Kabla hujaaga, pata mambo mawili: shule itafanya nini, na wewe urudi lini kusikia. Taja siku. "Tutalishughulikia" siyo siku.

Ukirudi mara mbili bila kitu, hapo panda kwa mkuu wa shule, ikibidi kwa barua, ubaki na nakala yenye muhuri. Akikaa kimya, shule ya msingi ina kamati ya shule na sekondari ina bodi, zote zina wawakilishi wa wazazi humo ndani. Juu yao kuna Afisa Elimu Kata. Ngazi zipo, tatizo watu wengi wanaanzia kwenye kupiga kelele mtandaoni, wanarusha jina la shule na picha ya mtoto, halafu wiki ijayo mtoto anatakiwa arudi darasa lile lile.

FIMBO PAREDI NA "PEANENI MIKONO"

Sasa kuna mambo mawili ambayo shule zetu hupenda kufanya ukishalalamika, nayo mzazi inabidi uyakatae kwa adabu.

La kwanza ni kumtoa mbabe mstarini, anachapwa mbele ya shule nzima, kazi imekwisha. Kweli inaburudisha roho ya mzazi, sikatai. Lakini mbabe anatoka pale na aibu, na aibu ile anaipeleka kwa nani? Kwa yule aliyesema. Njiani, saa tisa na nusu, ticha akiwa ameshapanda daladala yake. Halafu viboko vyenyewe vina sheria yake. Kanuni zilizotolewa mwaka 2002 zilisema visizidi vinne, achape mkuu wa shule au mwalimu aliyeteuliwa naye kwa maandishi, na adhabu iandikwe kitabuni. Kiranja hayumo kabisa. Kwa hiyo ukisikia shule ambayo kaka mkuu anatembea na fimbo, huo siyo utaratibu wa shule, ni ubabe uliopewa cheo.

Na hapa tuambiane ukweli. Utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili kwa watoto Tanzania, uliofanyika mwaka 2009 na ripoti yake kutoka 2011, ulionyesha kwamba karibu robo tatu ya vijana walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kimwili kabla ya kufikisha miaka 18, na mtu mzima au mwenzi wao. Mtoto anachapwa nyumbani, anachapwa shuleni, halafu tunashangaa kakutana na aliye mdogo kuliko yeye akafanya nini.

La pili ni "peaneni mikono yaishe." Watoto wawili wanaitwa ofisini, mkubwa na mdogo, wanaambiwa waombane msamaha. Waombane! Mdogo naye aombe msamaha kwa kuibiwa mia tano zake? Kusuluhisha ni kwa waliogombana wakiwa sawa. Hapa mmoja alikuwa na nguvu na mwingine hana, na ukiwaweka meza moja wenye nguvu yule anatabasamu, anatoa mkono, anaubana kidogo ule wa mwenzake ili aelewe. Waite mmoja mmoja, siku tofauti, na wazazi wa kila mmoja kwa wakati wake. Kisha wafuatiliwe wiki baada ya wiki, siyo mara moja.

MAMA WA MIHOGO ANAJUA YOTE

Turudi kwenye kile kikao ambacho hamwendi. Safari hii nendeni, tena mkiwa watatu wanne mnaofahamiana, mkaombe agenda moja kabla ya mengineyo: usalama wa watoto mapumziko na njiani. Msiingie na neno "uonevu" kama kombora, maana mkuu wa shule ataona mnamshtaki. Ulizeni tu, shule ina kona gani ambazo jicho la mwalimu halifiki? Watu watacheka kidogo, halafu mmoja atasema chooni. Mwingine nyuma ya jiko. Mwingine bombani. Mwingine kwenye ile nyumba isiyokamilika mkabala na kituo. Ndani ya dakika kumi mna ramani nzima.

Mwalimu wa zamu ni mtu mmoja au wawili, watoto ni mamia. Hata awe na macho mgongoni hatoshi. Lakini nje ya geti kuna watu wanaowaona watoto wale kila siku ya Mungu. Mama wa mihogo na chachandu anajua nani hununua na nani hununuliwa. Anajua kuna kijana mmoja ambaye hana hela asubuhi lakini saa nne ana noti tatu ndogo ndogo. Fundi viatu wa pembeni anajua nani hupita akikimbia. Bodaboda wa kijiweni wanajua kona ya ngumi. Hawa watu shule huwafukuza kama wachafuzi wa mazingira, na wazazi hawawasalimii. Mimi naona waitwe kwenye kikao, wapewe soda na namba ya simu ya mwalimu wa malezi. Wala si fadhila. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mwanajamii yeyote mwenye habari kwamba haki za mtoto zinavunjwa azifikishe kwenye serikali ya mtaa.

Kama unadhani haya ya kona na macho ni porojo za mwandishi, wapo waliojaribu kitu kama hicho wakapima matokeo. Norway, mwishoni mwa mwaka 1982, wavulana watatu walijiua, na kuonewa na wenzao shuleni kulionekana kuwa chanzo. Nchi ikatikisika. Mwaka 1983 wizara yao ya elimu ikaanzisha kampeni ya shule zote, na profesa mmoja wa mji wa Bergen, Dan Olweus, ambaye alikuwa ameshauchunguza uonevu tangu miaka ya 1970, akafuatilia wanafunzi kama 2,500 katika shule 42. Walichofanya wala hakikuwa cha ajabu. Watoto walijaza dodoso bila kuandika majina, ili shule ijue ukubwa wa tatizo na mahali linapotokea. Walimu wakaongezwa uwanjani wakati wa mapumziko. Wazazi wakaitwa. Mbabe, anayeonewa na wazazi wao wakaongea na shule kwa uzito, siyo kwa mzaha. Baada ya miaka miwili uonevu ulikuwa umeshuka kwa kiasi cha nusu.

Utasema Norway wana hela. Sawa, wanazo. Lakini dodoso ni karatasi. Daftari moja la kurasa 40 linatosha darasa zima la watoto 90 ukilichana vizuri, kila mtoto kipande cha karatasi: umeonewa mwezi huu? wapi? ulimwambia mtu? Hakuna jina, zinatumbukizwa kwenye boksi. Kamati ya wazazi inaweza kununua daftari hilo bila kuchangisha mtu.

MABWENI

Kwa shule za bweni mambo ni mazito zaidi, kwa sababu mbabe na njuka wake wanalala chumba kimoja. Huku kwetu anaitwa njuka, wenzetu Kenya wanamwita mono. Mwaka 2017 Alliance High School, shule ya wavulana yenye jina kubwa kuliko nyingi Kenya, iliingia magazetini baada ya habari kutoka kwamba viranja wanawatesa wa kidato cha kwanza. Wizara ikapeleka wachunguzi na mkuu wa shule akaachia ngazi. Shule ya vipaji, mitihani wanafaulu, wazazi ni wasomi, na bado watoto walikuwa wanaumia usiku. Kwa hiyo msidanganyike na matokeo ya mitihani. Na kinyongo cha mabwenini kina njia mbaya za kutokea. Huko huko Kenya, Nyeri High School, mwaka 1999 viranja wanne walichomwa moto na wanafunzi wenzao wakiwa wamelala chumbani mwao, wakafa wote wanne.

Kwa hiyo siku unampeleka dogo bweni, ukishamaliza kuhakiki ndoo, jembe na godoro vya kwenye fomu ya kujiunga, uliza na yasiyoandikwa kwenye fomu. Kidato cha kwanza wanalala peke yao au wamechanganywa na wakubwa? Patroni au matroni analala wapi, na usiku hupita saa ngapi? Kiranja akikosewa anaruhusiwa kutoa adhabu gani? Mtoto akitaka kuongea na nyumbani anatumia simu ya nani, na huyo mwenye simu anakaa pale pale akisikiliza? Mkuu wa shule mzuri atajibu. Mwingine atakasirika, na hilo nalo ni jibu.

Siku ya kutembelea, mtoe dogo nje ya bweni. Nendeni chini ya mti, mbali, wawili tu. Wale kaka wazuri wanaosalimia sana, wape mkono, wape soda kama unazo, halafu waambie una mazungumzo ya familia.

Yapo mambo ambayo hayangoji kikao. Mtoto akiumizwa vibaya au akiingiliwa kimwili, hapo hatuongei tena habari ya mwalimu wa darasa. Hali ikiwa mbaya ni hospitali kwanza. Vinginevyo pitia polisi, kwenye Dawati la Jinsia na Watoto, upate PF3. Kama ni kuingiliwa, mtoto asioge kwanza na nguo zisifuliwe, maana ndizo ushahidi. Kuna pia namba 116 ya huduma ya simu kwa mtoto, haina malipo. Na zile picha za bwenini zinazosambazwa kwenye makundi ya WhatsApp, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inazijua. Usiisambaze kwa wengine ukisema "jamani tumsaidie," umeshakuwa mmoja wao. Piga picha ujumbe, namba ya aliyetuma na saa, hifadhi, peleka.

KAMA MBABE NI WAKO JE?

Hapa ndipo ukumbi unapokaa kimya. Kila mzazi anajua mwanawe anaweza kuonewa. Hakuna hata mmoja anayejua mwanawe anaonea. Lakini wababe hawaoti uwanjani kama magugu, wanatoka kwenye nyumba zetu, wamepiga mswaki na wamekunywa chai.

Siku simu ikilia, "Tunaomba ufike shule, mwanao amempiga mwenzake," jibu la kwanza linalokuja mdomoni ni "Wangu? Haiwezekani, wangu mpole." Limeze. Nenda kasikilize kama ungependa mzazi mwenzio asikilize. Kuna ishara za huku nazo: ana vitu ambavyo hukumnunulia, ana hela usiyompa, wadogo zake nyumbani wanamtii haraka kupita kiasi, na akisimulia habari za shule kila hadithi ina mtu anayeliliwa na yeye anacheka.

Usimrudishe nyumbani ukamuua kwa mkanda. Umeona tayari mkanda unakwenda wapi. Mrudishe alipe. Kama alichukua mia tano mara kumi, ni elfu tano, na atoe kwenye hela yake ya kula kidogo kidogo, aipeleke kupitia kwa ticha, siyo mkononi mwa mwenzake. Simu ichukuliwe kwa muda unaojulikana. Kisha mpigie mzazi wa yule mtoto mwingine. Najua ni ngumu, ulimi unakuwa mzito kama umekula mhogo mbichi. Sema tu, "Mama fulani, mimi ni mzazi wa yule, nimesikia, nashughulika, ukiona tena nipigie hata usiku." Shule yenye wazazi wawili waliopigiana simu hiyo imeshapata walinzi wawili wasiolipwa mshahara.

Januari madenti wapya wa kidato cha kwanza wanaingia, na wababe hawachelewi, wiki chache za mwanzo tu wanakuwa wameshajua nani mnyonge na nani ana mtu. Anayeonekana ana mtu huwa wanamruka. Kwa hiyo usisubiri barua. Chagua Alhamisi moja kabla mwezi haujaisha, omba ruhusa kazini au funga genge saa mbili, nenda ukamjue mwalimu wa darasa kwa jina na yeye akujue kwa sura. Ukitoka, pita kwa mama wa mihogo, nunua wa mia tano, umwonyeshe dogo wako ni yupi.